Visu vya kukunja vya bei chee: angalia pini kwanza, makali baadaye

Naandika hii kwa sababu naulizwa sana kisu gani cha kukunja kinafaa kubebeshea miche, na kila nikijibu kwa simu naishia kuongea nusu saa halafu mtu anaenda kununua kile kile nilichomwambia asinunue. Mimi nina kitalu cha miche ya parachichi huku Rungwe, upande wa Tukuyu, tunabebesha parachichi aina ya Hass kwenye mashina ya parachichi la kienyeji, na kazi yote inasimama kwenye vitu vitatu, shina lenye afya, kikonyo kizuri, yaani kijiti cha mti mama kinachopandikizwa, na kisu. Shina tunaotesha wenyewe, kikonyo kinatoka kwenye miti mama, kisu ndio kinanunuliwa, na hapo kwenye kununua ndipo hela yangu ilipokuwa inapotelea.

Kwa asiyejua kubebesha, unakata kikonyo chini pande mbili kiwe kabari, unapasua shina la mche katikati, unachomeka, unafunga na nailoni. Rahisi kusema. Kinachofanya kishike ni ule utando wa kijani chini ya ganda, wa kikonyo ukutane na wa shina bila nafasi katikati. Kisu kikiwa kikali na kimetulia, ule uso wa kabari unatoka laini unang'aa kama umelambwa. Kisu butu kinasaga badala ya kukata, uso unabaki na nyuzinyuzi, unachomeka unaona mbona imekaa vizuri tu, kumbe ndani kuna hewa, baada ya wiki tatu nne kikonyo kimekuwa cheusi na wewe umeula wa chuya. Ndio maana mtu anayetumia kisu kukatia kamba ya mzigo anaweza kukwambia hiki kisu ni kizuri na asiwe anadanganya, na mimi nikakwambia hakifai na nisiwe nadanganya vile vile. Muulize kwanza anakitumia kufanyia nini.

Kuna anayeniuliza kwanini nisinunue vya jikoni tu. Fundi wa kubebesha hakai sehemu moja ndugu yangu. Asubuhi yuko juu ya mti anachuma vikonyo, mchana amechuchumaa kwenye viriba, ile mifuko ya miche, jioni yuko nyuma ya bodaboda, kisu cha jikoni kwenye mfuko wa suruali ni kujitafutia balaa. Halafu tuwe wakweli, kisu hicho hicho ndicho kinafungua mfuko wa mbolea, kinakata nailoni, kinamenya ndizi saa nne, japo nimekataza na nitaendelea kukataza. Visu halisi vya kubebeshea vipo, Tina vya Ujerumani, Victorinox vya Uswisi wana vyao, ni vizuri sana, ila kwa bei ya kimoja unawanunulia vijana wote vya Mchina na chenji inabaki, na mimi wakati naanza chenji ndio nilikuwa naiangalia.

Vya kwanza vilikuwa vya elfu tano tano, vimetandazwa chini kwenye turubai pamoja na tochi na vikata kucha. Mnavijua, mpini mweusi una vitobo vitobo, ubavuni kuna klipu ya kuchomeka mfukoni, bapa limepakwa rangi nyeusi na limeandikwa STAINLESS kwa herufi kubwa. Siku ya kwanza vinanyoa nywele za mkono. Vijana wakafurahi, mmoja akawa anakifyatua fungua funga fungua funga mpaka nikamwambia utakimaliza kabla kazi haijaanza.

Wote tulijua makali yataisha na kweli yaliisha, tena haraka, ukitoka chai ushaanza kukanyagia kisu kwa nguvu ndio kipite. Lakini makali unayarudisha. Vile visu vilifia pale vinapokunjikia, kwenye pini. Kijana mmoja mzuri sana wa mikono alinijia na vikonyo viwili kwenye kiganja, kimoja amekata kwa kisu chake kingine ameazima kisu cha mwenzake, akaniambia mzee hebu viangalie kwa ubavu. Kile cha kisu chake uso ulikuwa na tumbo, yaani katikati umevimba kidogo sana, kama nusu milimita hivi, cha mwenzake kimenyooka. Kushika bapa la kisu chake na kulitikisa kushoto kulia linacheza. Sasa wewe unavuta kisu kuja kwako, bapa linajipinda kidogo ndani ya kikonyo, kabari inatoka na tumbo, hata ungekinoa namna gani. Tangu siku ile nikinunua kisu makali siyaangalii kabisa, ya kiwandani siku zote ni ya kuja kubadilishwa. Nashika bapa natikisa.

Nikafungua vile vilivyokufa nione ndani. Kati ya bapa na mpini panatakiwa pawe na washa mbili nyembamba, vile viduara vyenye tundu, za shaba au za plastiki ngumu, bapa lizungukie hapo. Kwenye vile vya elfu tano vingine washa hazikuwepo kabisa, chuma kwa chuma, kinakula kidogo kidogo mpaka nafasi inapatikana. Na pini yenyewe iko ya aina mbili. Kuna ribiti iliyogongwa, hiyo ikilegea unampelekea fundi wa vyuma anaiweka juu ya chuma anagonga kidogo kidogo kichwa kitanuke, inakaza, ila akizidisha kisu hakifunguki tena, na huwezi kurudi nyuma. Na kuna skrubu, kichwa cha nyota, mara nyingi bisibisi ya T6 au T8, hizo bisibisi mafundi simu wote wanazo. Mimi nachagua skrubu kila siku. Inalegea ndiyo, inalegea sana tu kwa vya bei rahisi, lakini unaifungua, unaweka tone la rangi ya kucha kwenye uzi wake, unakaza mpaka mchezo uishe huku bapa bado linafunguka bila kulazimisha, unaacha ikauke. Rangi ya kucha ya mke wangu imefanya kazi kubwa kitaluni kuliko baadhi ya vibarua, na ameshanuna vya kutosha.

Sasa loki. Hii naomba msome taratibu.

Visu vingi vya bei chee vina loki ya kipande cha bati ndani ya mpini, ukifungua kisu lile bati linaruka linasimama nyuma ya bapa linalizuia lisirudi. Likiwa nene na limekaa sawasawa ni loki nzuri, Mmarekani mmoja anaitwa Michael Walker ndiye aliyeileta kwenye umbo hili la sasa miaka ya 1980 na mpaka leo wanaitumia hata wa visu vya bei mbaya. Shida ni kwamba kwenye vya elfu tano lile bati ni jembamba na laini, ncha yake inaliwa, kila siku linasogea kidogo kuelekea upande wa pili mpaka linapita, au linakamata kwenye ukingo tu. Kijana wangu alikuwa anapasua shina, ameingiza ncha anasukuma kwa mgongo wa kisu ili apanue, loki ikaachia, kisu kikajifunga kwenye kidole cha shahada. Nilikuwa pale pale. Damu ilikuwa nyingi kuliko kidonda, lakini kidonda nacho kilikuwa cha kushonwa. Bodaboda, zahanati, nyuzi, sindano ya pepopunda, na yule kijana akakaa nyumbani msimu ukiwa katikati, na mimi nikamlipa siku zake maana sikuwa na uso wa kutomlipa. Kisu cha elfu tano hicho. Usiku nilikaa navyo vyote mezani nikavigonga kimoja kimoja, karibu nusu vikajifunga.

Kugonga kwenyewe ni hivi na unaweza kufanya mbele ya muuzaji, akikukatalia ondoka. Unafungua kisu mpaka mwisho, unashika mpini vidole vyote viwe nje ya njia ya bapa, hili ndilo la muhimu, halafu unagonga mgongo wa bapa kwenye mbao mara chache, sio kwa hasira, kiasi tu. Kikijifunga hicho sio kisu ni mtego. Kikibaki wazi, chungulia ndani uone bati limesimama wapi, kama limekanyaga nyuma ya bapa na bado lina nafasi ya kusogea mbele huko ni kuzuri, maana litaendelea kuliwa na linahitaji pa kwenda. Kama kikiwa kipya tayari limeenda mpaka ukuta wa pili, hiyo imeshazeeka kabla ya kuzaliwa. Halafu funga, angalia ncha ya bapa imezama yote ndani ya mpini, kuna vingine ncha inatokeza na utakuja kuijua siku ya kutoa funguo. Halafu ndio utikise kushoto kulia, juu chini. Wauzaji wa sokoni wanadhani nina wazimu, lakini siku hizi wananiwekea pembeni vile vinavyopita.

Kuna loki ya mgongoni, ile unabonyeza juu ya mpini kufunga, kwa bei ya chini naiamini zaidi, ila ikicheza inacheza juu chini na haina dawa. Visu vya kufyatuka vyenye springi ya kusaidia achana navyo kama unafanya kazi shambani, vumbi linaingia springi inakatika, basi.

Tuje kwenye chuma, maana hapa watu wanapigwa sana kwa maandishi. STAINLESS haikwambii kitu, inasema tu kina kromi, ile ya kuzuia kutu. Maandishi ya 440 bila herufi mbele yake nayo ni ujanja, maana kuna 440A, 440B na 440C, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kaboni inatoka kama asilimia 0.65 mpaka kupita 1, na kaboni ndiyo inayoruhusu chuma kuwa kigumu, kwa hiyo ukiona 440 tupu usidhani umepata ile ya C. Vya Mchina vingi vya chini kabisa ni 3Cr13 au ndugu zake. Ile namba wenyewe wanaisoma hivi, 3 ya mwanzo ni kaboni kama asilimia 0.3, 13 ni kromi. Kinanoleka upesi na kutu hakishiki kirahisi ila makali yanalala, ukipapasa unasikia ukingo umejikunja. Ukipanda kidogo unakuta 8Cr13MoV, kaboni 0.8, hiki kikipikwa vizuri kiwandani, yaani kikichomwa moto na kupozwa sawasawa, kinafika ugumu wa 57 mpaka 59 kwenye kipimo cha Rockwell na kwa kazi yetu kinatosha kabisa. Nasema kikipikwa vizuri kwa sababu namba ile ni ya mchanganyiko, upishi ni habari nyingine, visu viwili vya namba moja vimeshawahi kunipa tabia mbili tofauti kabisa. Na vile vya michoro ya mawimbi mawimbi wanavyoviita damaski kwa elfu kumi, chukua msasa sugua pembeni kidogo uone mawimbi yanavyohama.

Kijana mmoja akaagiza Uchina kupitia wakala, chuma cha D2, akaja nacho anatamba. Kusema ukweli makali yake yalikaa, kaboni yake ni kama asilimia moja na nusu, wengine wananoa kila siku yeye anawaangalia tu. Ila pini yake ilikuwa na beringi ndogo ndogo za gololi, ile ya kufunguka kwa kidole kimoja swaa, inapendeza dukani, kitaluni udongo wa viriba ukaingia ikawa inasaga kama ina mchanga na ndio ulikuwa mchanga. Akawa anaifungua kila Jumamosi kuosha. Na D2 kromi yake ni kama asilimia 12 tu na nyingi imeshikwa na kaboni, huku kwetu mvua haijui likizo, kikalala kwenye suruali mbichi asubuhi kina madoa ya kutu. Yeye bado anakipenda. Mimi nisingekinunua, na tumeshabishana mpaka tumechoka.

Kisu kilichonishangaza ni Okapi. Kijana mwingine alikipata kwa mjomba wake, kimepitia Malawi kikaingia kwa Kasumulu, mpini wa mbao una vinakshi vya mwezi na nyota za chuma, mgongoni kuna pete ya kuvuta, na ukifungua kinalia tra-tra-tra. Hivi visu vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yake ya Afrika, wakati huo Tukuyu yetu Wajerumani wenyewe wanaiita Neu-Langenburg, siku hizi vinatengenezwa Afrika Kusini. Ukikishika unaweza kukidharau, kinacheza tangu kipya, mbao haijasuguliwa vizuri, na mjini ukikitoa watu wanakuangalia vibaya maana huko kusini kimechafuka jina kwa vibaka. Lakini chuma chake ni cha kaboni bila ustenlesi, kinanoleka kwenye jiwe la mtoni dakika chache kikarudi kunyoa. Kwa vikonyo hakinifai sababu ya kule kucheza. Kwa kuchuma vikonyo juu ya mti, kukata nailoni, kuchonga vigingi vya fito, sijaona cha kukishinda kwa bei hiyo. Kifute ukimaliza tu, maana utomvu wa parachichi unakigeuza cheusi siku hiyo hiyo. Ule weusi wenyewe hauna shida, hata unasaidia kidogo dhidi ya kutu, kutu ile ya rangi ya machungwa ndio ya kuogopa.

Opinel nililetewa na jamaa aliyekuwa Ulaya. Wafaransa wanatengeneza tangu 1890, mpini wa mbao wa duara, na shingoni kuna pete ya chuma unaizungusha kisu kinajiloki, pete hiyo waliiongeza 1955. Kule kwao ni kisu cha bei ya chini kabisa, cha mkulima. Bapa jembamba, linakata kikonyo kuliko kitu chochote cha bei chee nilichowahi kushika, na halichezi. Sasa ngoja mvua ya Rungwe. Ile mbao ikinywa maji inavimba inabana bapa, hulitoi kwa kucha, hulitoi kwa meno. Dawa yake wanayotumia wenyewe kule milimani ni kugonga kitako cha mpini kwenye meza, bapa linatokeza kidogo, unalimalizia kwa vidole. Mimi baadaye nilikikausha siku kadhaa juani, nikalowesha kiungo kwa mafuta ya alizeti yakanywea, nikasugua ndani ya ule mwanya kwa msasa kidogo. Sasa kinabana kwa masika tu. Kama uko Dodoma au Singida ningekwambia usitafute kingine.

Na kuna mzee jirani ana Victorinox, ile nyekundu yenye vikorokoro, alipewa na wazungu wa mradi zamani sana, vijana wengi kitaluni hawajazaliwa. Nimeitikisa. Haichezi. Haina hata loki, ni springi tu ya mgongoni, lakini springi yenyewe ukifunga inapiga ta! kama ya jana. Chuma chake sio kigumu sana, wanakiacha kwenye 56 hivi, unanoa mara kwa mara. Nikamwambia aniuzie akacheka.

Jambo la mashoto karibu nilisahau. Kisu cha kubebeshea kinanolewa upande mmoja tu, upande wa pili unaachwa umelala sawa, ndio maana kinakata kimenyooka. Hivi vya mfukoni vimenolewa pande zote mbili. Unaweza kukigeuza, kwa uvumilivu unakilaza upande mmoja kwenye msasa mpaka ulale kabisa, nimegeuza vingi vya 8Cr na vimekuwa visu vizuri tu. Ila mtu wa mashoto umgeuzie upande wa kinyume. Nilikuwa na dada mmoja anatumia kushoto, vikonyo vyake vinatoka vimepinda kila siku na wenzake wanamcheka hajui kazi, tulipomgeuzia kisu upande wake akawapita. Vya dukani vya kubebeshea vya mashoto vinauzwa kwa kuagiza na bei yake usiulize.

Kunoa. Usimpelekee mtu wa grinda! Shemeji yangu alikichukua kisu kwa nia njema akapitisha kwenye grinda la fundi wa mageti, kikarudi kinang'aa na ukingoni kuna kivuli cha bluu. Ile bluu maana yake chuma kilipata moto ukingo ukapoteza ugumu wake, baada ya hapo utanoa mpaka ufike nyuma ya palipoungua. Nunua msasa wa maji, ule wa mafundi rangi za magari, namba 400, 1000 na 2000, karatasi ni bei ya soda. Lowesha ubandike juu ya kioo au kigae kilichonyooka, laza kisu kisha inua mgongo kidogo, kama nyuzi 20 hivi, vuta upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili unasikia kiuzi kidogo cha chuma kimejikunja kinakwaruza kidole. Kisipotokea hicho kiuzi hujafika, wengi wanaishia hapo wanasema kisu hakinoleki. Kikitokea geuza upande, halafu panda namba, mwisho unapitisha kwenye mkanda wa ngozi kwa kurudi nyuma. Kujua kama kimekaa sawa usikate karatasi, kata kikonyo uangalie uso wake.

Kitu kingine kinachoua visu kitaluni ni Jik. Lazima usafishe kisu kati ya mti na mti, kuna ugonjwa wa parachichi unaoitwa sunblotch unahama kwa kikonyo na kwa kisu, na Jik ndiyo inayoshauriwa kwa huo, spiriti peke yake haitoshi. Lakini Jik inakula chuma, hata hicho STAINLESS kinatoka vidoti vidoti ukikiacha ndani. Vijana walikuwa wanaviacha visu kwenye kopo la Jik wakati wa chai, springi na pini zinaoza kwa ndani wakati bapa kwa nje liko safi. Sasa kila mtu ana visu viwili, kimoja kinaoga kimoja kinakata, kikitoka kwenye Jik kinaingia kwenye maji safi, kinafutwa, na jioni tone la mafuta ya cherehani kwenye pini. Cha kaboni usikipeleke kwenye Jik kabisa.

Kwa hela, mimi leo kisu cha elfu tano nanunua kwa ajili ya kufungulia mifuko ya mbolea tu. Kwa kubebesha nashuka mwisho kwenye vile vya elfu thelathini mpaka arobaini vya kuagiza, vya 8Cr13MoV au chuma cha 14C28N ukikipata, pini ya skrubu na washa za shaba, bila beringi, bila rangi nyeusi maana ile rangi inabanduka na vipande vinaingia kwenye kidonda cha mche. Kwa kila mche unaokufa nilikuwa napoteza kikonyo, shina la miezi na hela ya fundi anayelipwa kwa mche, kwa hiyo hiyo elfu thelathini inarudi kabla hata msimu haujanoga. Ukiwa na uwezo wa kununua halisi cha kubebeshea nunua, sijui nikwambie nini zaidi.

Ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi la mizigo, ukisahau mfukoni watakichukua pale kwenye ukaguzi na hakuna kubembeleza, nimeshaacha kimoja uwanja wa Songwe. Na mwenye ndugu Uingereza asimpelekee zawadi cha loki, kule cha kutembea nacho bila sababu ni kile kisichojiloki chenye makali yasiyozidi inchi tatu.

Halafu visu vyetu vingi havivunjiki, vinapotea. Mpini mweusi ukidondoka kwenye udongo mweusi wa viriba huuoni, unaukuta umeota kutu wakati wa kupakia miche. Sasa hivi vyote nimevizungushia utepe wa rangi ya chungwa kwenye mpini, ule wa mafundi umeme, na kimoja kilichopotea tangu masika kimeonekana juzi ndani ya rundo la samadi, pini imeganda, nimekiloweka kwenye mafuta ya taa nione kama kitafunguka.